Mupira

Chumba chetu kiko Kadutu, chini ya ngazi mia na kumi na tatu
ambazo mvua huzihesabu upya kila Aprili,
na mara nyingine hukosea, ikaondoka na moja.
Cherehani mbili, fremu ya mbao ya kuchapia,
wino katika ndoo iliyowahi kuwa ya mayonezi,
na Bisimwa, asiyejua kushona hata kifungo,
lakini akisimama tu njiani amevaa, watu huuliza bei.

Mchoro tuliutoa kwenye mkeka wa bibi yangu:
pembe ndani ya pembe, mshale ukikimbiza mshale,
katikati mstari mwembamba usiokatika.
Tukauweka mgongoni, mweupe juu ya mweusi,
tukaushusha mikononi mpaka kwenye vifundo.
Vijana wa Essence wakavaa. Wa Nguba wakalipa dola, hawakubisha.
Kwenye kitambaa kidogo cha shingoni
Bisimwa aliandika: Alama ya mababu, tangu kale.
Kale ya lini? nikamuuliza.
Kale haina tarehe, akasema, ndiyo maana inauzika.

Nilimpelekea bibi Nsimire mmoja, kule Nyangezi.
Aliugeuza, akaunusa, akausoma kwa kidole,
maana macho yake sasa yanaona mwanga tu.
Hapa mmepotea, akasema, mstari umepinda.
Halafu akacheka mpaka akashika mbavu.
Mababu gani tena? Huu ni mupira.

Najua ni mupira, bibi, nimeushona mwenyewe.

Hapana. Mupira. Wa lori.
Lori la bia, mwaka aliozaliwa mama yako,
lilizama pale kwenye daraja la miti,
dereva akalia kama mtoto mbele ya kreti zake.
Tulikuwa wanawake kumi na mmoja, tunatoka shambani.
Tukaweka majembe chini, tukasukuma.
Mimi nilikuwa na tumbo la mama yako,
nikasukuma kwa mgongo.
Lilipotoka, matope yalibaki yameandikwa.
Jua likayakausha. Nikachukua mafunjo yangu,
nikakaa kando ya njia, nikanakili.

Na mstari wa katikati?

Aa. Huo gurudumu halikuwa nao.
Akakunja mupira, akauweka chini ya mto wake,
hakusema zaidi.

Bisimwa hakutaka kusikia.
Nani atalipa dola kumi na tano kwa ajili ya lori?
Nami usiku nikawa nauzungusha mdomoni:
mupira unaovaliwa, mupira unaokanyaga tope,
mupira unaolia utomvu msituni,
na ule uliokwama juu ya bati la jirani tangu Pasaka.
Tulidhani ni uvivu wa ulimi, neno moja kwa kila kitu.

Jumamosi tulimpandisha Mweze,
aliyekuwa akibeba simenti kwenye ngazi hizi hizi,
mifuko miwili kwa safari;
hata siku aliyoanguka, alikuwa na miwili.
Hakuna aliyepanga. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima
na nguo iliyokauka ilikuwa ile.
Vijana wanane chini ya jeneza,
wengine nyuma yao wakiwasukuma viuno wasiteleze,
mgongo juu ya mgongo juu ya mgongo.
Mimi nilikuwa chini kabisa, viatu mkononi.
Nikaiona alama ikipanda,
nzito, ikizama kidogo, ikichomoka,
na ule mstari ukitoka kwa mtu ukiingia kwa mtu.

Jumatatu Bisimwa alifika kabla yangu.
Alikuwa na mkasi, anafumua shingo moja moja,
vitambaa vimejaa miguuni kama maganda ya karanga.
Sasa tutaandika nini? nikamuuliza.
Hakuinua kichwa.
Lete kwanza fremu, akasema.
Tunyooshe ule mstari.